Mama Mashine na Jaruba la Mjane

Alikuwa akiongea kwa kelele hata kanisani. Miaka mingi ya kusimama kando ya injini ya dizeli ilikuwa imemla masikio, na kwa kuwa yeye hakusikia vizuri, aliamini wengine nao hawasikii. Padri akirefusha mahubiri, yeye kwenye benchi la tatu alimuuliza jirani yake kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, "Bado anaendelea?" Watu walicheka wakiziba midomo. Baada ya muda padri naye alijifunza kufupisha.

Kijiji kizima, kule upande wa Mpimbwe, kilimwita Mama Mashine. Jina lake la ubatizo nililiona mara moja tu, kwenye karatasi ya mahudhurio, na hata hapo alikuwa ameandikiwa na mtu. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, mimi sikuwahi kuuliza na yeye hakuwahi kusema. Nilipofika kufundisha shule ya msingi, binti wa muuza duka wa Kiislamu kutoka Mpanda mjini, ajira ya kwanza, begi moja na godoro, nilimkuta yupo na mashine yake ya kukoboa mpunga, na njia zote za kijiji zikipitia mlangoni kwake.

Siku ya kwanza nilipeleka debe moja. Alichota konzi ya mpunga, akaumwaga taratibu kutoka kiganja kimoja kwenda kingine, akatoa kijiwe, akaniwekea mkononi.

"Madam, umeuziwa mawe."

"Samahani mama, sikujua."

"Usiniombe mimi, kiombe kinu. Mashine haijui kabila wala dini, inajua mawe tu. Kaa pale uchambue."

Nikakaa chini na ungo wa kuazima. Upande mmoja alikuwepo mke wa mkulima, Mpimbwe wa kabila, mama mwembamba aliyeitwa Mama Edita. Upande wa pili alikuwepo mama wa Kisukuma mwenye bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, mke wa mfugaji mkubwa wa kule mbugani. Huyo walimwita Mama Shija. Wote wawili waliuona ugeni wangu, wakanisaidia kuchambua bila kuombwa. Baadaye ndipo nilijua kwamba waume zao walikuwa hawasalimiani.

Injini ile ilipowaka, bati za banda zilitetemeka. Wanaume walioleta magunia walikaa nje chini ya kivuli cha ukuta, kwa sababu ndani hawakuweza kuongea. Wanawake waliweza. Waliongea mdomo kwa sikio, na kelele ile ikawa pazia lao. Pale ndani yalisemwa mambo ambayo hayakusemwa penginepo: nani kapigwa, mume wa nani kauza mavuno yote bila kumwambia mkewe, binti gani wa darasa la sita ameshaanza kuulizwa mahari. Na Mama Mashine, ambaye hakusikia, ndiye aliyejua yote. Alisoma midomo. Alikuwa amesimama pale miaka na miaka akiangalia midomo inayosogea, na hakuna aliyefikiri kujificha kwa mtu kiziwi.

Aliyoyajua hakuyatangaza. Aliyatumia. Mwanaume mmoja alikuwa amemvunja mkewe mkono, kisha akaja na magunia matatu kana kwamba hakuna kitu. Mama Mashine alimtazama, akayatazama magunia.

"Mashine imeharibika."

"Mama, mbona inanguruma?"

"Inanguruma lakini imeharibika. Itapona mkeo akipona."

Yule bwana alibeba magunia yake mpaka kijiji cha pili kwa baiskeli, safari tatu. Mkono ulipofunguliwa plasta, alirudi. Mama Mashine akamkobolea, akamrudishia pumba zake zote.

Mtu asidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na ulimi mkali, na uongo mdogo mdogo haukumsumbua. Alimwambia afisa mmoja kwamba ana vibali vyote "nyumbani ndani ya sanduku", na sanduku hilo sikuwahi kuliona. Hakujua kusoma, lakini kwenye mkutano alipenda kushika karatasi, akiiangalia na kutikisa kichwa pale watu wengine walipotikisa. Mimi nilikaa karibu yake makusudi, niigeuze ikiwa juu chini.

Tena aliogopa ng'ombe. Mwanamke huyu aliyeingia katika maboma ya wafugaji mara nyingi kuliko kiongozi yeyote wa kijiji alikuwa akiona pembe anajificha nyuma yangu, na mimi ni mtoto wa mjini. "Yule mweupe ananiangalia vibaya," aliniambia siku moja. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amelala. Mama Shija alicheka mpaka bangili zikalia.

Na alikuwa na dada yake, tumbo moja, nyumba ya tano kutoka kwake, ambaye hawakusemeshana kwa miaka. Sababu sikuijua. Nilimuuliza mara moja, kwa ujinga wa ujana, inakuwaje yeye anapatanisha watu na nyumbani kwake kuna hayo. Aliendelea kuchambua mpunga mpaka nikadhani hajasikia.

"Mganga hajigangi, madam," alisema. "Na hiyo usiiandike."

Sikuiandika wakati ule. Mengine niliandika, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu. Shirika moja la haki za wanawake kutoka Mpanda mjini lilikuja kuanzisha kikundi cha wanawake wa amani kijijini. Wakati huo magomvi ya wakulima na wafugaji yalikuwa yameanza kuumiza watu. Wanawake walimchagua Mama Mashine kuwa mwenyekiti bila kupiga kura, walimgeukia tu wote. Mimi nikawa katibu kwa sababu ya mwandiko.

Semina hakuzipenda. Wageni walileta tisheti zilizoandikwa neno amani mgongoni, wakabandika makaratasi makubwa ukutani, wakatugawa katika makundi tujadili "visababishi". Mama Mashine alikunywa soda yake, akavumilia. Tisheti yake ilifanya kazi ya kufutia oili kwenye injini mpaka ikachanika. "Amani imeisha," alisema siku alipoitupa, "leta tisheti nyingine."

Lakini katika wageni wale alikuwemo dada mmoja mwanasheria, mtaratibu. Huyo alisimama akasema kwamba mjane ana haki katika ardhi aliyoilima pamoja na mumewe, na hakuna ukoo unaoruhusiwa kumfukuza. Hapo Mama Mashine aliweka chupa chini.

"Rudia," alisema.

Dada akarudia.

"Madam, andika. Maneno hayo hayo, usiyapambe."

Jioni ile alinifanya nimsomee mara tatu, nne, mpaka akayashika kichwani. Baadaye nilimsikia akiyasema peke yake huku akipiga hendeli ya mashine, kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Mbuga ilikauka, ng'ombe wakaanza kusogea majarubani kutafuta majani na maji. Jaruba kwetu ni kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta dogo la kushika maji. Kundi likipita humo asubuhi moja, mavuno ya mwaka yamekwisha. Wakulima walikamata ng'ombe, wafugaji wakaja kuwachukua kwa nguvu. Mwishowe wanaume wa kijiji walikutana wakapitisha azimio: hakuna kuwauzia wafugaji kitu, hakuna kuwakobolea.

Kesho yake Mama Shija alikuja na wakwe zake wawili, magunia kichwani. Banda lilikuwa limejaa. Wote wakamtazama mwenye mashine.

"Pangeni foleni," alisema Mama Mashine. "Nyie wa mwisho."

Waliwekwa mwisho kwa sababu walikuja mwisho. Zamu yao ilipofika akawakobolea.

Siku ya tatu alikuta mkanda wa mashine umekatwa vipande kwa kisu. Nilipofika alikuwa amekaa juu ya gunia, vipande vile mapajani, akivitazama kama anayetafuta namna ya kuviunga. Ndiyo mara ya kwanza niliona mikono yake imetulia.

"Unamjua aliyefanya?" nilimuuliza kwa midomo.

"Namjua."

"Tuende kwa mtendaji."

"Hasira ni kama pumba, madam. Ukiipuliza, macho ni yako."

Alipanda basi kwenda Mpanda, akarudi siku ya pili na mkanda mpya begani. Watu walijaa kuona atasema nini. Alifunga mkanda, akapiga hendeli, injini ikashika. Kisha akamwita mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, mke wa yule tuliyemshuku wote. "Anza wewe," alimwambia. Yule mama alileta ungo wake mbele, akaanza kulia, na hakuna aliyemuuliza analia nini.

Halafu mume wa Mama Edita akauawa.

Alikwenda majarubani alfajiri, akakuta kundi la ng'ombe ndani ya mpunga wake, akalikimbilia akipiga kelele. Kijana mmoja mchungaji akampiga fimbo kichwani. Alifia njiani akipelekwa hospitali. Polisi walimkamata yule kijana siku hiyo hiyo, lakini kijijini hilo halikutosha. Siku iliyofuata mazishi, vijana walikusanyika uwanja wa mpira na mapanga, na wengine wakaja kutoka vijiji vya jirani. Shule tuliifunga saa nne asubuhi. Nilikuwa nafunga madirisha ya darasa nilipomwona Mama Mashine anapita, amemshika mkono Mama Edita.

"Madam, twende."

Nilitamani kusema nina watoto wa watu wa kuangalia. Watoto walikuwa wameshaondoka. Nikaenda.

Nilidhani atahutubia. Sauti ile ingefika uwanja mzima. Badala yake alimfikisha mjane katikati ya vijana wale, akamwachia mkono, akarudi hatua moja. Mama Edita alikuwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Alisimama muda mrefu, na vijana waliokuwa wakiimba wakanyamaza mmoja mmoja.

"Mume wangu nimemzika jana," alisema. "Nyie mnakwenda kuua, mtarudi, mtaoa, mtalima. Wengine mtafungwa, na mama zenu watakuja kukaa na mimi kulia. Kama mnakwenda kwa ajili yake, msiende, yeye hakuwatuma. Kama mnakwenda kwa ajili yenu, basi msitaje jina lake."

Kijana mmoja akapiga kelele, "Mama, damu yake itapotea bure!"

"Damu yake iko pale majarubani. Wewe ulikuja kuifukia na mimi? Nilifukia peke yangu."

Vijana hawakuondoka mara moja, wala hawakutupa mapanga chini kwa toba. Walibaki wakisukumana kwa maneno mpaka jua likawa kali, wengine wakaenda kutafuta maji, wengine hawakurudi. Saa nane uwanja ulikuwa na mbuzi tu. Nilimtazama Mama Mashine nikaona kitenge chake kimelowa jasho mgongo mzima.

Baadaye tulijua ya upande wa pili. Alikuwa amempelekea Mama Shija ujumbe asubuhi ile ile: "Shika wako, mimi nashika wangu." Mama Shija na wakwe zake na wanawake wa maboma matatu walikaa chini katikati ya njia itokayo mbugani, miguu wameinyoosha. Mwanaume wa Kisukuma angepaswa kumruka mama yake ili apite na mkuki. Hakuna aliyemruka.

Baada ya wiki kadhaa ukaja mkutano wa suluhu. Ulifanyika katika darasa langu, wazee wa pande zote mbili, mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa kata. Wanawake tulipewa madawati ya nyuma. Wakakubaliana njia ya mifugo ipite wapi na ng'ombe wanywe wapi. Wafugaji wakakubali kutoa ng'ombe kwa familia ya marehemu, mbali na kesi iliyokuwa mahakamani. Kaka wa marehemu akasimama kuwapokea. Akaongeza kwamba jaruba la ndugu yake litarudi kwenye ukoo, na mjane ukoo utamtunza. Watu wakapiga makofi. Mama Edita aliinamisha kichwa.

Mama Mashine akasimama, karatasi mkononi.

"Nina swali."

"Mama, kikao tumeshafunga," alisema mwenyekiti wa kijiji.

"Kifungueni."

Kicheko kidogo kikapita. Akasubiri kiishe.

"Mmeandika njia ya ng'ombe. Mmeandika ng'ombe watakunywa wapi. Mjane atakula wapi, hiyo mmeandika ukurasa wa ngapi?"

"Nimesema ukoo utamtunza," alisema yule kaka, shemeji wa Mama Edita.

"Ukimchoka?"

"Huyu ni mke wetu."

"Ni mke wa marehemu. Wewe hujawahi kuingia jaruba lile hata kuchuma mchicha." Akainua ile karatasi mbele ya uso, na bila kukosea neno akasema maneno ya yule dada mwanasheria, yote, kwa sauti iliyotoka mpaka barabarani. Nilikuwa mbali, mezani nikiandika muhtasari, sikuweza kumgeuzia karatasi. Ilikuwa juu chini. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa mbele yake, aliona hilo waziwazi. Hakusema. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Shemeji alianza kufoka kuhusu mila, na wazee kadhaa wakaanza kumuunga mkono. Nikaona mambo yanarudi kule kule. Ndipo Mama Shija akasimama, bangili zikasikika kabla yake.

"Ng'ombe ni zetu sisi," alisema. "Aliyelia ni huyu mama. Shemeji sijamwona akilia. Kama hazichukui huyu mama na watoto wake, ng'ombe zinarudi nyumbani."

Mwanamke alikuwa amesema juu ya ng'ombe mbele ya mumewe na wazee. Wote wakamgeukia mzee wake, ambaye alikuwa amekaa mbele na fimbo katikati ya magoti. Mzee alitazama fimbo ile kwa muda. Kisha akasema kwa utulivu, "Mke wangu amesema."

Niliandika katika muhtasari: ng'ombe kwa Mama Edita, jaruba kwa Mama Edita na watoto wake. Shemeji alikataa kuweka dole gumba. Muhtasari ukapita bila lake.

Sitasema kwamba kila kitu kilipona. Mwaka uliofuata ng'ombe waliingia tena katika mpunga wa mtu, lakini safari hiyo wanawake wawili wa kila upande walikwenda kupima hasara kabla mwanaume hajashika kitu, na likaishia hapo. Ukoo wa shemeji haukukanyaga tena kwa Mama Mashine, wakawa wanapeleka mpunga wao kwenye mashine mpya iliyofunguliwa barabarani, na wengi wakawafuata. Foleni yake ilipungua. Alikuwa akiniambia biashara imelala, halafu anabadilisha habari. Mama Edita alilima jaruba lake. Mavuno ya kwanza alimletea Mama Mashine akoboe, na Mama Mashine akayapekua, akatoa kijiwe, akamgombeza mbele ya watu wote.

Mimi nilihamishwa, nikarudi mjini. Sasa nafundisha Nsemulwa, nina watoto wangu. Yeye alipozidiwa na miguu alimwachia mkwewe mashine, akaenda Karema kuishi na binti yake ziwani. Likizo iliyopita mama yangu alinituma huko kununua dagaa wa kuuza dukani, nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni kwa bintiye, amekonda, kichwa chote cheupe. Alinitambua kabla sijafika.

"Madam! Umenenepa!"

Nusu ya Karema ilijua.

Tukala, tukaulizana. Mama Shija alikuwa na wajukuu chuoni, aliniambia. Tukiwa katika hayo, ugomvi ukalipuka pale chini, kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Mwanamke mmoja kijana, aliyevuka ziwa kutoka Kongo na watoto wake, alikuwa ameweka kichanja chake karibu na cha mwenyeji. Mwenyeji alikuwa anamwambia arudi kwao. Wengine wakaanza kukusanyika, sauti zikapanda, kapu la dagaa likamwagika mchangani.

Mama Mashine aliona kila kitu. Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akajipangusa midomo.

"Ngoja," aliniambia. "Sasa hivi watakuja kuniita."

Tukasubiri. Pale chini mwanamke wa makamo, simjui, aliwakalisha wale wawili mchangani. Wengine wakakaa kuwazunguka. Yule wa kutoka Kongo aliongea kwanza, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, mikono ikionyesha ziwa na watoto wake. Mwenyeji akajibu. Mtu akauliza kitu, wakaongea tena, wakatikisa vichwa. Mwisho mmoja akacheka, na mwingine akaanza kuokota dagaa waliomwagika. Kisha wanne wakanyanyuka, wakashika kichanja cha mgeni, wakakisogeza hatua chache upande wa maji, wakakiweka. Kila mtu akarudi kwa dagaa wake. Hakuna aliyegeuka kutazama upande wetu.

Mama Mashine alikuwa bado amesimama, kitenge kimefungwa. Akakaa polepole.

"Hawajaniita," alisema.

Nilimsogelea ili aone midomo yangu. "Umekasirika, mama?"

Akafikiri, akiwaangalia.

"Kidogo," alisema. Kisha akanishika goti. "Lakini umewaona walivyokinyanyua? Wanne, kila mtu na kona yake."